Leseni ya Marehemu

Askari alifika nyumbani kwa Okwach, pale Kirumba, saa nne asubuhi, wakati mafuta yameshapata moto na wateja wa mapanki wamesimama na mabakuli yao. Hakupiga hodi. Alisimama karibu na karai, akafungua kikaratasi, akasoma.

"Hapa ndipo kwao Paulo Odoyo?"

Bibi Teodora, mama yake Okwach, alikuwa amekaa kwenye mkeka ukutani. Alikuwa ametoka Mara wiki ile kuja kutibiwa macho, na masikio yake yalifanya kazi kuliko macho.

"Ni hapa," alisema. "Lakini Paulo Odoyo alikufa."

"Alikufa?"

"Surua. Ana miaka kumi na minane kaburini. Wewe ni nani unayemwulizia?"

"Mimi ni trafiki, bibi. Na huyo Paulo nimemwacha kituoni sasa hivi, anakunywa maji kwenye kopo."

"Basi mwangalie vizuri, mwanangu, maana mimi nilimzika mwenyewe."

Wateja wakacheka. Mmoja akasema, "Afande, rudi haraka, utakuta kopo limebaki peke yake!" Wakacheka tena. Aoko, mke wa Okwach, hakucheka. Alikuwa amechuchumaa mbele ya karai na upawa mkononi, na vile vichwa na mifupa ya sangara, vinavyobaki viwandani minofu ikishapelekwa Ulaya, vilikuwa vinaungua mbele yake naye havioni.

"Mama mwenye nyumba ni wewe?"

"Ni mimi."

"Paulo Odoyo ni nani wako?"

Aoko alimtazama mama mkwe wake. Akatazama mlango wa chumba, ambamo mumewe alikuwa amelala ingawa jua lilikuwa limepanda. Akawatazama wateja na mabakuli yao.

"Ni mwanangu," alisema.

Bibi Teodora aligeuza uso wake taratibu kuelekea sauti ile.

"Basi bibi amechanganya mambo. Huyo mwanao amegonga mtu Buhongwa," askari alisema. "Mwanamke. Jifunge kanga yako twende."

Njiani Aoko alitembea nyuma ya askari, hatua kumi hivi, kama mtu asiyefuatana naye. Aliwaza kopo la biskuti lililo juu ya kabati. Ndani ya kopo lile vilikuwamo vyeti viwili vya ubatizo. Kimoja cha Paulo Odoyo, mtoto wake wa kwanza, aliyezaliwa mwaka sabini na tano akafa kabla hajatimiza miaka mitatu. Cha pili cha Zakayo Owiti, aliyezaliwa mwaka wa themanini. Huyo Owiti ndiye aliyekuwa kituoni akinywa maji.

Okwach alikuwa amepunguzwa kazini, kiwandani Nyakato, mwaka uliopita, na Owiti alipomaliza darasa la saba alikwenda Mwaloni, soko la samaki, akawa utingo kwenye pikapu ya bwana Chenge, ya kubeba sangara. Alijifunza gari kwa kurudisha nyuma na kusogeza mbele penye mapipa ya barafu. Siku dereva alipoacha kazi, Chenge alikuja mwenyewe mpaka kwenye karai la Aoko, akala kichwa kizima cha sangara huku akisifu, ndipo akasema, "Kijana wako anajua gari kuliko wazee. Tatizo ni karatasi. Umri wake mimi siujui, na sitaki kuujua. Wewe mama ndiye unayejua umemzaa lini. Niletee leseni tu, kazi ni yake."

Aoko alikaa na maneno yale siku mbili. Siku ya tatu akachukua cheti cha marehemu. Kwenye ofisi ya leseni karani alimtazama Owiti juu mpaka chini, akauliza kama kweli huyu ana miaka ishirini, na Aoko akasema, "Ni mfupi, amewafuata wajomba zake. Nimemzaa mwenyewe, nitakosea?" Akaweka mkono juu ya Biblia, akaapa. Walipotoka nje alimwambia mtoto, "Ukiwa barabarani wewe ni Paulo. Ukifika nyumbani ni Owiti. Na mbele ya bibi usitaje kabisa."

Mzazi unayesoma haya, usiseme haraka kwamba Aoko alikuwa na roho mbaya. Alikuwa na furaha siku ile. Alinunua soda mbili, wakanywa wamesimama, na Owiti alishika chupa kwa mikono yote miwili.

Kituoni walimtoa Owiti nyuma ya kaunta. Mguu mmoja haukuwa na kiatu. Alipomwona mama yake midomo ilianza kucheza, naye akaibana kwa meno.

"Dakika mbili," alisema askari wa kaunta. "Na kwa kweli ni huruma yetu tu. Huyu ana miaka ishirini, ni mtu mzima. Mtu mzima hafuatwi na mama yake polisi."

"Mama," Owiti alisema kwa sauti ya chini, "mto uliteleza."

"Nini?"

"Ule mto. Nilitaka kukanyaga breki, mto ukateleza, nikaenda nao upande. Mguu ukakosa breki. Barafu ilikuwa inayeyuka, bwana Chenge alisema sangara wakilegea kiwanda kitawakataa, lakini sikuwa ninakimbiza sana, mama, nakuapia."

"Usiape," Aoko alisema.

Yule trafiki aliyemfuata nyumbani alikuja na kitu chini ya kwapa, akakiweka juu ya kaunta, akakipiga kwa kiganja. Kilikuwa mto wa kukalia, mnene, uliojazwa sufi, wa kitenge cha rangi ya chungwa chenye picha za mwamvuli. Upande mmoja ulikuwa umelowa maji ya samaki.

"Tumekuta hiki kwenye kiti cha dereva," alisema. "Tangu nianze kazi sijaona dereva wa kukalia mto. Kijana anasema kiti kina misumari. Nimekikagua kiti, hakina msumari hata mmoja. Mama, unakijua?"

Aoko alivaa kanga mbili siku ile, akashukuru kwamba amevaa kanga, maana gauni la kitenge kile kile chenye miamvuli lilikuwa linaning'inia kwenye kamba nyumbani kwake. Alikuwa amekata kipande chake cha chini. Alikuwa ameshona mto ule mchana mmoja, akampimia Owiti kwenye kiti cha nyumbani, akamwambia, "Kaa. Unaona mbele? Ngoja niongeze sufi."

"Sikijui," alisema.

Owiti alimtazama mama yake, kisha akatazama chini, kwenye mguu wake usio na kiatu.

Aliyegongwa aliitwa Ng'washi. Alikuwa anauza viazi vitamu ukingoni mwa barabara ya Shinyanga, na pikapu ilimfuata hapo hapo alipokaa. Aoko alikwenda hospitali alasiri ile na chupa ya uji, akamkuta kitandani, macho wazi, shuka limenyanyuka upande mmoja tu, juu ya mguu uliofungwa bendeji. Mumewe, mzee Nkwabi, mfugaji mrefu mwenye koti la mvua ingawa mvua hakuna, alikuwa amesimama kichwani pa kitanda.

"Shikamoo," Aoko alisema.

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Ni mama wa... wa dereva."

Nkwabi hakupandisha sauti. Aoko angependa apandishe.

"Wamesema watakata kesho," alisema. "Hapa, chini ya goti. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara na ndama, nimeona yote. Mwanao ana miaka mingapi?"

"Ishirini."

"Ishirini." Nkwabi akalipima neno lile. "Mimi ninaye wa ishirini. Ana mke, ana mtoto anayetambaa. Yule niliyemwona akiruka kutoka garini alikuwa analia 'mama, mama.' Nikadhani anamwita huyu wangu."

"Alinisalimia," Ng'washi alisema kutoka kitandani. Sauti yake ilikuwa kavu. "Nimelala chini, damu inatoka, anapiga magoti ananishika mkono, ananiambia shikamoo mama. Nami nikaitika. Nikamwambia marahaba." Akafumba macho. "Mtu mzima hasalimii hivyo. Mtu mzima anakimbia."

Aoko alimimina uji kwenye kikombe. Hakuna aliyeupokea. Akauweka juu ya kijimeza, akasema pole mara tatu, akatoka. Mlangoni akakumbuka kifuniko cha chupa, lakini hakuweza kurudi kukichukua.

Jioni Chenge alikuja nyumbani. Alikaa kwenye kiti kile kile ambacho Aoko alimpimia Owiti mto, akaweka funguo zake za gari mezani.

"Nisikilizeni vizuri," alisema. "Jambo ni moja tu. Paulo abaki kuwa Paulo. Leseni ni halali, imetolewa na serikali. Dereva halali akigonga, bima inalipa yule mama, kijana anahukumiwa kidogo, anatoka. Lakini mkianza habari za kumi na mitano, leseni inakuwa ya uongo, bima inakataa, na wewe mama unafungwa kwa kiapo. Mimi nitasema nilidanganywa, kwa sababu nilidanganywa."

"Anahukumiwa kidogo ni kiasi gani?" Okwach aliuliza.

"Miaka miwili, mitatu. Gerezani, na wakubwa."

"Analala na nani sasa hivi?"

"Na mahabusu wengine, mzee. Na wanaume."

Chenge alipoondoka, hakuna aliyewasha taa ingawa ndani palikuwa na giza kidogo. Bibi Teodora ndiye aliyeanza.

"Aoko mwanangu. Owiti alipozaliwa nilimchukua angali na damu. Nikatoka naye nje, nikamlaza jaani, juu ya maganda na majivu. Wewe ulikuwa ndani unalia. Jirani akapita, akamwokota kama anaokota kitu kilichotupwa, ndipo tukamwita Owiti, aliyetupwa. Unajua kwa nini."

"Najua, mama."

"Sema."

"Ili kifo kisimwone. Kidhani ni takataka."

"Nilimficha miaka kumi na mitano. Wewe ukachukua jina la yule aliyekwisha kuchukuliwa, ukambandika nalo kifuani, ukamweka barabarani."

Aoko alijifunika uso kwa kanga. Alitegemea mumewe amtukane, maana matusi yangekuwa na mwisho. Okwach alikuwa akikuna kiganja chake.

"Usimlaumu peke yake, mama," alisema. "Leseni niliiona. Mtoto aliiacha kwenye suruali yake, nikasoma jina la Odoyo, nikaona picha ya Owiti. Nikairudisha mfukoni. Siku ile alikuja na kilo ya nyama. Nikaila."

Siku ya nne kulikuwa na mkutano wa hadhara. Mwenyekiti wa mtaa alitangaza kwamba mkuu wa trafiki anataka maoni ya wananchi: Je, umri wa kupewa leseni upandishwe? Watu walijaa kwenye uwanja wa mtaa, wachuuzi wa dagaa, wapakiaji, kina mama na vikapu. Aoko alikaa nyuma kabisa. Alikuja kwa sababu asiyekuja angeonekana.

"Ndugu wananchi," afande alisema, "wiki hii kijana wa miaka ishirini amemvunja mama mmoja mguu Buhongwa. Juzi mguu umekatwa. Miaka ishirini! Sheria inaruhusu kumi na minane. Wako wanaopendekeza ipande iwe ishirini na moja, wengine wanasema ishirini na tano. Ninyi mnasemaje?"

"Weka hamsini!" mpakiaji mmoja alipiga kelele. "Madereva wote wawe wazee. Tukiondoka leo, Shinyanga tunafika Pasaka!"

Watu wakacheka. Kijana mmoja mwenye kofia akasimama. "Mheshimiwa, viwanda mmefunga, baba zetu mmewapunguza, kazi iliyobaki ni usukani. Mkiupandisha umri, sisi tule nini? Tukavue kwa mikono?"

"Kaa chini, na wewe leseni yenyewe umeinunua!" mwingine akamjibu.

"Wazee ndio walevi," mama mmoja akasema. "Afadhali mtoto asiyejua pombe."

"Afadhali mtoto? Mwulize aliyekatwa mguu!"

"Wa ishirini si mtoto! Tatizo vijana wa siku hizi hawana adabu. Huyo Paulo apewe miaka kumi, wengine wajifunze!"

Makofi yakapigwa. Mwenyekiti akaanza kuandika: wanaotaka ipande, wanyooshe mikono. Mikono ikanyooka, mingi, mpaka ya wanawake waliokuwa wamekaa pembeni mwa Aoko. Mmoja wao, mteja wake wa kila siku ambaye asubuhi ile ya askari hakuwapo, akamgusa goti. "Mama Owiti, hunyooshi? Wewe si una kijana kwenye magari?"

Aoko alisimama. Hakuwa amepanga kusimama. Baadaye alisema miguu ilisimama yenyewe.

"Afande," alisema, na sauti ikapotea kwenye kelele. Akarudia. "Afande. Huyo mnayemsema hana ishirini. Ana kumi na mitano. Anaitwa Owiti. Mimi ndiye mama yake."

Mikono ilibaki juu, hakuna aliyekumbuka kuishusha.

"Paulo ni mwanangu mwingine. Alikufa. Nilichukua cheti chake nikampa mdogo wake, nikaapa kwa Biblia. Na mto ule uliokutwa kwenye gari nimeushona mimi, kwa kuwa mtoto hakuwa anaona mbele. Nikamwona hafiki usukani, badala ya kumtoa garini nikamwongezea sufi." Alishika fundo la kanga yake kwa mikono miwili. "Sasa mnauliza umri upande au usipande. Pandisheni. Lakini mkiandika ishirini na moja, mimi ningesema ana ishirini na mbili. Mkiandika arobaini, ningetafuta kaburi la mtu wa arobaini."

"Loo!" mtu mmoja alisema. "Mwanamke ameiajiri maiti!"

Hakuna aliyecheka safari hii. Yule mteja wake alisogeza kikapu chake kidogo, si mbali, upana wa kiganja tu, lakini Aoko aliuona upana ule. Mwenyekiti alimwangalia afande, afande akaifunga kalamu yake. Hesabu ya mikono haikuandikwa.

Kesho yake Aoko aliwasha moto kama kawaida, akakaanga karai zima. Mpaka saa saba hakuja mtu. Walipita na mabakuli yao wakaenda kwa jirani. Saa nane Bibi Teodora akanyoosha mkono, akasema, "Nipe kimoja," akala taratibu, kichwa kizima, mbele ya wapita njia wote.

Okwach alisafiri kwenda parokia ya kwao Mara, akarudi na barua ya padre. Kitabu cha ubatizo kilikuwa na mistari miwili: Paulo Odoyo, na msalaba mdogo wa kalamu pembeni mwa jina, na kurasa nyingi mbele, Zakayo Owiti, asiye na msalaba.

Mahakamani hakimu aliisoma barua mara mbili. Akamwita Chenge, ambaye alisema alidanganywa. Bima, kama Chenge alivyoonya, ilikwisha kukataa, na mzee Nkwabi alisikia hilo akiwa amesimama ukutani na koti lake la mvua. Aoko alilihisi jicho lake mgongoni. Hakugeuka. Deni lile halikuwa na barua ya padre ya kulifuta, na alijua atakwenda Buhongwa kulibeba siku zote atakazokuwa na miguu.

Hakimu akaamuru mshitakiwa aondolewe kwa wakubwa siku ile ile, kesi yake isikilizwe upya kama ya mtoto. Owiti akahamishiwa benchi la pembeni. Alikuwa amekonda, na mtu alikuwa amemnyoa vibaya. Kisha hakimu akasema mama yake afunguliwe shitaka la kiapo cha uongo, na karani achukue maelezo yake.

Karani alikuwa kijana nadhifu, mwenye shati jeupe. Alifungua jalada jipya.

"Jina?"

"Aoko, mke wa Okwach."

"Makazi?"

"Kirumba."

"Umri?"

"Thelathini na tisa."

Karani alianza kuandika, akasita. Akaweka kalamu mezani. "Thelathini na tisa kwa mujibu wa nani?"

Watu wakacheka. Kicheko kilianzia mbele kikaenda mpaka mlangoni, na askari naye akajizuia kwa kukohoa. Aoko hakuwa na cheti. Mama yake alimzaa shambani, na waliokuwapo wamekufa. Umri wake ni ule aliokuwa akiusema siku zote, na watu walikuwa wakiuamini kwa kuwa ni yeye anayesema. Alisimama hapo, mwanamke mzima, hana wa kumthibitishia hata miaka yake mwenyewe.

"Nauliza," karani alisema. "Nani anathibitisha?"

Kwenye benchi la pembeni Owiti alinyoosha kidole. Alikinyoosha kama darasani, mkono wa kushoto ukiushika wa kulia kwenye kiwiko ili usichoke.

"Mimi," alisema. "Mimi namfahamu. Ni mama yangu."

Karani hakugeuka vizuri. Alimtazama kwa pembe ya jicho, kama mtu anayefukuza kuku mlangoni.

"Shusha kidole, mtoto," alisema. "Hapa wanaongea wakubwa."

Owiti akashusha. Na Aoko, aliyekuwa hajalia tangu ajali ya Buhongwa, si kituoni, si mkutanoni, alilisikia neno lile mtoto kutoka kwenye kinywa cha serikali, akajiinamia pale pale mbele ya meza ya karani, akalia kwa sauti.